Pikipiki Ndogo na Mtunzaji Wake: Kutoka Kirinyaga Road Hadi Ondiri

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, barabara ya Waiyaki Way hujaa magari yaelekeayo katikati ya Nairobi. Kutoka Kinoo na Uthiru, kupitia Kangemi hadi Westlands, magari hufuatana kama siafu, na waendao kazini hutazama saa zao kwa huzuni. Katikati ya msongamano huo hupita pikipiki. Nyingi ni za bodaboda, zichukuazo abiria. Lakini mara kwa mara huonekana moja iliyo tofauti kidogo. Imeinuka juu ya magurudumu yake, tairi zake zina meno, kikinga-matope cha mbele kimewekwa mbali na tairi ili udongo usikwame, na ekzosi yake imepandishwa juu ili isiguswe na maji wala mawe. Hiyo ndiyo pikipiki ya lami na udongo, ambayo Jumatatu humpeleka mwenyewe ofisini, na Jumamosi humpeleka shambani kwake au mlimani.

Namna hii ya pikipiki si mpya. Mwaka wa 1968 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo DT-1, yenye injini ya cc 250, iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu ya kutosha kwenda barabarani na porini pia. Watu waliipenda sana, na makampuni mengine yakafuata njia hiyo. Baadaye ndugu zake wadogo, kama Yamaha DT 125 na AG 100, na Honda XL 125, walizoeleka katika nchi nyingi za Afrika, hasa kwa maofisa wa kilimo, wa mifugo na wa afya, ambao kazi zao ziliwataka wafike mahali pasipofikwa na motokaa. Mkulima wa zamani wa magharibi ya Nairobi aweza kukumbuka mlio wa pikipiki ya daktari wa ng'ombe ikipanda kilima kabla hajaiona.

Sifa kubwa ya pikipiki hizi ni kwamba zimeundwa kwa urahisi. Injini ina silinda moja tu na hupozwa kwa upepo. Mwenyewe, akiwa na spana chache na subira, aweza kuijua karibu yote katika muda wa mwaka mmoja. Walakini urahisi huo huwadanganya wengi. Kwa kuwa pikipiki huwaka kila asubuhi bila kulalamika, mwenyewe hudhani kwamba haihitaji kitu ila petroli. Hapo ndipo hasara huanza, na mara nyingine msiba.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Msomaji na afikirie mtu akaaye karibu na mji wa Kikuyu, na kazi yake ni ya ukarani katikati ya Nairobi. Mwendo wake ni kilomita 20 hivi kwenda na kilomita 20 kurudi. Katika siku tano za kazi husafiri kilomita 200, na katika majuma 50 ya mwaka kilomita 10,000. Pikipiki ya cc 125 au 150 iliyotunzwa vizuri hupita kilomita 35 au zaidi kwa lita moja ya petroli, kwa hiyo mtu huyo hatumii hata lita sita kwa juma. Faida hiyo yaonekana wazi, na ndiyo huwavuta wengi kuchukua mkopo katika chama chao cha akiba ili wanunue pikipiki.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Mzunguko wa gurudumu la nyuma ni karibu mita mbili. Katika kilomita 10,000 gurudumu hilo huzunguka mara milioni 5, na kila mzunguko huvutwa na mnyororo mmoja mwembamba, ulio karibu kabisa na vumbi na matope ya njiani. Tairi ya mbele ni moja, na ya nyuma ni moja. Motokaa ikipata pancha huyumba, na dereva akaegesha kando. Pikipiki ikipata pancha ya ghafula gurudumu la mbele, mwenyewe huweza kuwa chini kabla hajajua limetukia nini.

Wodi za majeruhi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zimepokea watu wengi sana walioanguka na pikipiki. Wengi waliponzwa na mwendo wa kasi, au ulevi, au makosa ya madereva wengine. Hayo si rahisi kuyazuia yote. Lakini ajali iletwayo na mnyororo uliolegea, au breki iliyokwisha, au tairi kipara, yaweza kuzuiwa nyumbani, na mtu yeyote, kwa gharama ndogo sana.

DAKIKA KUMI ZA JIONI

Watu wengi huikagua pikipiki asubuhi, au hawaikagui kamwe. Asubuhi ni wakati mbaya. Mtu ana haraka, amevaa nguo safi, na hataki kushika grisi. Akiona tairi imepungua upepo kidogo, husema itafika; akiona breki imelegea, husema ataitazama jioni. Basi kosa lionekanalo jioni hutengenezwa, bali kosa lionekanalo asubuhi huendeshwa hivyo hivyo hadi mjini.

Kwa sababu hiyo mwenye busara huweka desturi ya dakika kumi kila jioni, kabla hajaingia ndani. Atazame mambo sita tu: tairi, mnyororo, breki, taa, oili, na nati. Tairi azibonyeze na kuzitazama kama kuna msumari au mpasuko. Mnyororo aupime ulegevu wake kwa kidole baada ya injini kupoa. Breki zote mbili azikamate. Taa ya mbele, ya nyuma, ya breki na za kuonyesha njia aziwashe zote. Oili aitazame pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa sawa. Nati za ekseli, za usukani na za ekzosi azipitie kwa macho na mkono, kwa maana injini ya silinda moja hutikisa sana na hulegeza nati polepole.

Pikipiki ya kizamani ya mipigo miwili, kama AG 100, ina tangi ndogo ya oili ichanganywayo na petroli kwa pampu yake yenyewe. Tangi hiyo ikikauka, pistoni hukwama ndani ya silinda. Mwenye pikipiki ya namna hiyo asiitie petroli bila kuitazama tangi ya oili.

MNYORORO

Hakuna sehemu inayosahauliwa kama mnyororo, wala hakuna inayolipiza kisasi upesi zaidi. Mnyororo mkavu hula meno ya magurudumu yake mawili, lile dogo la mbele na lile kubwa la nyuma, ambayo mafundi huyaita sproketi. Mnyororo uliolegea huruka meno hayo. Ukinaswa kati ya gurudumu dogo na injini, gurudumu la nyuma husimama ghafula. Na msomaji afikirie jambo hilo likitukia kwenye mteremko wa barabara kuu, lori likiwa nyuma.

Mnyororo uliokazwa kupita kiasi nao ni mbaya, kwa sababu huvuta beringi na hukatika mtu akaliapo kitini au apitapo shimoni. Kwa pikipiki nyingi za lami na udongo, katikati ya mnyororo panatakiwa pachezeke juu na chini baina ya milimita 30 na 40. Lakini kipimo cha hakika ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yenyewe. Kipimo kichukuliwe mahali mbalimbali huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, kwa kuwa mnyororo hauchakai sawasawa.

Kuusafisha si kazi kubwa. Chukua brashi na mafuta ya taa, sugua mpaka udongo utoke, futa kwa kitambaa, kisha tia oili nzito ya gia, tone kwa tone, upande wa ndani wa mnyororo, na ufute ile iliyozidi. Petroli isitumiwe, maana hukausha na yaweza kushika moto. Na jambo moja lisisahauliwe kamwe: kazi hii hufanywa injini ikiwa imezimwa, gurudumu likizungushwa kwa mkono. Wako watu waliopoteza vidole vyao kwa sababu walitaka injini iwasaidie kuzungusha mnyororo.

Ili kujua kama mnyororo umekwisha, uvute kwa vidole kule nyuma kabisa ya gurudumu kubwa la meno. Ukiachana na jino hata nusu ya jino ikaonekana, wakati wa kununua mpya umefika, na magurudumu ya meno yabadilishwe pamoja nao. Mnyororo mpya juu ya meno ya zamani huharibika upesi. Kile kibanio cha kiungo chake kiwekwe upande wake uliofungwa ukielekea mbele, mnyororo uendako, ili kisifunguliwe na kitu kigusacho njiani.

VUMBI NA MWINUKO

Katika Januari na Februari udongo mwekundu wa Dagoretti na Kikuyu hugeuka unga mwembamba. Unga huo huingia kila mahali, na mahali pabaya zaidi ni katika chujio la hewa. Chujio likiziba, injini hukosa pumzi, hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Likichanika, vumbi huingia moja kwa moja katika silinda na kuisaga kama msasa. Chujio la sifongo huoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, hukamuliwa bila kunyongwa, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Chujio la karatasi halioshwi. Hupigwapigwa ili vumbi lidondoke, na likichafuka sana hununuliwa jingine. Atumiaye njia ya vumbi kila siku asingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Liko jambo jingine la hewa ambalo wengi hawalifikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na vilele vya Ngong hufika mita 2,460. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa nchi ya pwani hutoa petroli nyingi mno ikiwa huku juu. Dalili yake ni plagi yenye masizi meusi, na injini nzito ya kupanda. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Fundi ajuaye kazi yake aweza kuipanga kabureta kwa muda mfupi. Pikipiki mpya zenye kupuliza petroli kwa umeme hujipanga zenyewe, walakini nazo hutaka chujio safi.

OILI NA MTO

Injini ndogo ina oili ya lita moja hivi tu, na oili hiyo hufanya kazi tatu: hulainisha injini, huipoza, na huogesha sahani za klachi. Basi oili ya motokaa isitumiwe ovyo, kwa sababu zipo oili za motokaa zenye dawa za kupunguza msuguano, nazo huifanya klachi iteleze. Inunuliwe oili iliyoandikwa kuwa ni ya pikipiki, na ibadilishwe kabla haijawa nyeusi na nyepesi kama maji. Mwenye kukaa katika msongamano kila siku aibadilishe mapema kuliko mwenye safari ndefu, maana injini isimamayo bila upepo hupata joto jingi.

Na oili ya zamani itupwe wapi? Si katika mtaro. Mitaro ya katikati ya mji huishia katika mto Nairobi, ambao hupita karibu na Kirinyaga Road, kisha huungana na mto Athi na kwenda mpaka baharini. Njiani wako watu wanyweshao ng'ombe na kumwagilia mboga. Oili hiyo ikusanywe katika debe na kupelekwa gereji ambayo huikusanya.

MAGURUDUMU NA BREKI

Tairi za pikipiki hizi zina meno makubwa kidogo ili zishike udongo, na kwa sababu hiyo hazishiki lami iliyolowa kama tairi laini za mjini. Upepo wake kwa pikipiki nyingi za namna hii ni ratili 22 hivi kwa inchi ya mraba, lakini hapa pia kitabu ndicho mwamuzi. Upepo mdogo mno huharibu tyubu na rimu. Upepo mwingi mno huifanya tairi irukeruke na kuteleza.

Spoki zipigwe moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo, na iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Spoki moja iliyolegea huitwika jirani yake mzigo, na zikivunjika mbili tatu rimu hupinda.

Breki za ngoma zina mshale mdogo karibu na mkono wake, na alama juu ya bamba. Mshale ukifika kwenye alama wakati breki imekamatwa, viatu vyake vimekwisha na havifai kukazwa tena. Breki za diski zitazamwe unene wa pedi na kiasi cha mafuta yake. Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele na kutumia ya nyuma peke yake. Hilo ni kosa. Pikipiki ikisimamishwa, uzito wote huelekea mbele, na breki ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi kwenye lami kavu. Kwenye matope ndipo yapasa kuikamata kwa upole sana, na kuiacha injini katika gia ndogo ipunguze mwendo.

KUNUNUA VIPURI

Tangu zamani za Grogan Road, ambalo ndilo jina la kwanza la Kirinyaga Road, sehemu hiyo ya mji imejulikana kwa mafundi na wauzaji wa vipuri. Huko mtu hupata karibu kila kitu: mnyororo, plagi, kebo za klachi, tyubu, balbu. Lakini katika soko lolote kubwa kizuri na kibaya huuzwa bega kwa bega, na sanduku zuri si ushahidi wa kitu kizuri. Mnunuzi achukue kile cha zamani mkononi, akilinganishe na kipya kwa urefu, unene na uzito. Ahesabu meno. Aulize risiti. Bei ikiwa nusu ya ile iliyotajwa kila mahali, ajiulize ni nini kilichopunguzwa humo ndani. Katika breki, mnyororo na tairi, kitu rahisi mno huweza kulipwa kwa mguu.

Naye fundi achaguliwe kama achaguliwavyo daktari. Fundi mwema husikiliza kwanza, hufungua baadaye, na haoni vibaya mwenye pikipiki asimamapo karibu kutazama. Mwenye kutazama mara mbili aweza kuifanya kazi mwenyewe mara ya tatu.

MJINI NA SHERIA

Mwenye pikipiki anatakiwa awe na leseni ya daraja lake, na bima, ambayo sheria huitaka ili mwingine akiumizwa apate fidia. Kofia ngumu na koti lenye kung'aa ni wajibu wa mwendeshaji na abiria wake, na abiria ni mmoja tu. Kofia ifungwe ukanda. Isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, hairuhusiwi kwa pikipiki. Kwa hiyo njia ya pikipiki ni ile ya chini, pamoja na matatu, mikokoteni na watu waendao kwa miguu.

Mwendo wa mjini usizidi kilomita 50 kwa saa. Hata kwa mwendo huo pikipiki hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo muda ambao mtu hupoteza kabla mkono wake haujaigusa breki. Katika mita hizo 14 mtoto aweza kutoka nyuma ya matatu iliyosimama Kangemi, na mlango wa teksi ukafunguka karibu na Westlands. Mwenda pole hajikwai.

MATOPE MEKUNDU

Mvua za masika za Machi hadi Mei, na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba, huzigeuza njia za udongo kuwa kama sabuni. Hapo ndipo pikipiki ya lami na udongo huonyesha kwa nini ilinunuliwa, na hapo pia ndipo majivuno huangusha watu. Mwendeshaji mwenye ujuzi hushika gia ya pili, huweka mwendo ule ule bila kuongeza wala kupunguza ghafula, hutazama mbele mahali atakapo kwenda wala si shimo analoliogopa, na mara nyingi husimama juu ya vikanyagio ili pikipiki icheze chini yake bila kumrusha. Akiona njia imekatika kwa maji, hushuka na kupima kina kwa fimbo. Hakuna aibu katika kushuka.

Akifika nyumbani aioshe pikipiki siku hiyo hiyo. Udongo ukikaukia juu ya mapezi ya injini huzuia upepo usipoze. Maji yasipigwe kwa nguvu katika beringi za magurudumu wala katika mdomo wa ekzosi, na baada ya kuosha mnyororo upakwe oili tena.

SAFARI YA JUMAMOSI

Yote hayo ni kazi, na mtu aweza kuuliza malipo yake ni nini. Malipo huonekana siku ya mapumziko. Iko safari moja fupi ambayo mwenye pikipiki wa Nairobi aweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Aanzie Kirinyaga Road, baada ya kununua plagi au kebo yake, pale ambapo mto Nairobi hupita mweusi na wenye taka. Apande Museum Hill, apite Westlands, akate James Gichuru Road hadi Lavington, kisha Gitanga Road mpaka Kawangware, ambako wauza ndizi na mafundi wa vitanda hukaa karibu kabisa na barabara na ambako hapana budi kwenda taratibu. Kutoka hapo aelekee Dagoretti Market, maarufu kwa machinjio yake na nyama yake.

Baada ya Dagoretti hewa hubadilika. Mashamba madogo ya mahindi, sukuma wiki na majani ya ng'ombe huonekana pande zote mbili, na njia za udongo hushuka mabondeni na kupanda tena. Mbele yake ni Thogoto, ambayo jina lake ni matamshi ya Kikuyu ya neno Scot, kwa sababu ya wamisionari wa Kiskoti waliojenga hapo. Karibu yake ni Kikuyu, yenye shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka wa 1926, ambayo ilisomesha wengi walioshika madaraka makubwa baada ya uhuru wa 1963. Na kando ya mji huo, bondeni, liko bwawa la matete la Ondiri.

Hapo Ondiri ndipo ulipo mwanzo wa mto Nairobi. Majani yaelea juu ya maji kama mkeka, ndege wakilia ndani yake. Mwendeshaji azimapo injini na kukaa juu ya nyasi, aona ni mto ule ule alioupita asubuhi karibu na maduka ya vipuri. Safari ya kilomita 25 hivi imemwonyesha jambo ambalo mtu wa matatu huenda asilione maishani mwake, kwa maana matatu haishuki bondeni.

Mwenye nafasi zaidi aweza kupitia Karen na Ngong, akafika Kiserian na Corner Baridi, ambapo Bonde la Ufa hufunguka ghafula mbele yake, na barabara ya Magadi huteremka kuelekea Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Lakini safari hiyo asiianze bila maji ya kunywa, tyubu ya akiba, pampu na spana, kwa sababu baada ya Corner Baridi mafundi ni wachache na jua ni kali.

NENO LA MWISHO

Kwenda Ondiri na kurudi salama hakuhitaji pikipiki mpya wala ya bei kubwa. Iko pikipiki ya miaka 20 iendayo na kurudi kila juma, na iko ya miaka miwili ilalayo nyuma ya nyumba, mnyororo wake umeoza, huku mkopo wake ungali unalipwa kila mwezi. Zote mbili zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Tofauti yake ni dakika kumi za jioni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikipiki na auzibe ufa wake ungali mdogo: tone la oili leo, nati moja leo, upepo kidogo leo. Watoto wake wanaomngoja mlangoni hawaijui sproketi wala kabureta. Wajua tu mlio wa pikipiki ya mzazi wao ikiingia uani jioni, na mlio huo ndio wanaoungoja kila siku.